Barua ya prof ndiyo inayowakosesha vijana wetu PhD

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako maana hili jambo limenikaa rohoni. Mimi nafundisha chuo kimoja hapa nchini, PhD yangu nimesomea Sweden kwa kulipiwa, na kila mwaka vijana wanakuja ofisini kuniuliza nilipataje. Mwezi uliopita mmoja wao, ana ufaulu mzuri, andiko lake la magonjwa ya mbaazi nimelisoma mwenyewe na ni zuri kweli, amekosa nafasi kabla hata hajaitwa intavyuu. Zilitakiwa barua mbili za wadhamini, yaani walimu wa kumpendekeza, moja ikaja, nyingine haikuja mpaka saa ya mwisho ikapita.

Na kijana hakuchelewa. Alimfuata prof wake wiki 5 kabla, akaambiwa kaandike mwenyewe uniletee nisaini. Sasa vyuo vya kule nje siku hizi karatasi iliyosainiwa hawapokei, ukishajaza jina la mdhamini mfumo unamtumia linki yeye mwenyewe kwenye imeli yake, na prof alikua ametoa imeli ya ofisi ambayo haifungui. Kijana alikaa kwenye korido pale mlangoni siku 3 na simu mkononi, anasubiri prof atoke kikao ili amwoneshe tu pa kubonyeza. Alinihadithia huku anatazama chini, mimi nikakosa cha kumwambia.

Hata zile zinazofika kwa wakati nyingi hazimsaidii mtu. Nimeshaziona. Mistari minne, kwamba fulani ni mchapakazi, ana nidhamu, mnyenyekevu, nampendekeza bila wasiwasi. Ukimwachia mwanafunzi aandike mwenyewe unategemea aseme nini zaidi ya hapo, ataona aibu kujisifia. Msomaji wa kule anataka kujua huyu mtu majaribio yalipomharibikia maabara alifanya nini, kwenye darasa lako alikua wa ngapi, alishawahi kuja na wazo ambalo wewe mwalimu hukulifikiria? Hivo vitu anavijua mwalimu peke yake.

La pili ni intavyuu yenyewe, na hapa naongelea yaliyonipata mimi. Mara ya kwanza niliitwa na chuo kimoja Uholanzi, kwa Zoom, nikajifungia stoo ya maabara kwasababu ndipo intaneti ilipokua inashika, nimevaa suti, jasho linatiririka. Wakaniuliza ukija hapa ungependa kuanzia wapi kwenye huu mradi. Nikajibu kwa heshima zote kwamba nitaanzia popote msimamizi atakaponielekeza. Wakauliza tena kwa namna nyingine, nikawajibu vilevile, nikaongeza kwamba mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Nilitoka pale najua nimepata! Nimelelewa hivo, nimesomeshwa hivo, mkubwa akiongea unasikiliza, na miaka yote chuoni sikuwahi kumwambia mwalimu mbele ya watu kwamba prof hapa sikubaliani. Wiki mbili baadae wakaniandikia, kwa upole kabisa, kwamba hawakuona mawazo yangu mwenyewe.

Niliumia sana kwasababu mawazo nilikua nayo. Nilikua nafanyia kazi sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi, na tunakumbuka mwaka 2016 watu walivyopoteza maisha Dodoma na Manyara kwa hiyo sumu. Nimezunguka soko la Kibaigwa na bambo mkononi, kile chuma cha kutolea sampuli ya nafaka, nachoma gunia moja baada ya jingine, nimejionea kwamba ukichoma sehemu moja unaweza kupata mahindi safi kabisa na ukichoma upande wa pili wa gunia hilohilo maabara inakwambia hayafai kuliwa, kwasababu ukungu haukai sawasawa, punje chache tu zinaweza kubeba sumu karibu yote. Hayo yote nilikua nayo kichwani nikanyamaza kwa adabu.

Mara ya pili, Sweden, kabla ya siku yenyewe wenzangu wawili wa ofisini walinikalisha jioni tatu mfululizo wakijifanya ndio wasaili, wananibishia kila ninachosema mpaka nikazoea kujitetea bila sauti kutetemeka. Siku ilipofika, dakika 10 za kuelezea kazi yangu ya masta, alafu maswali. Mmoja akauliza mpango wetu unauonaje. Nikamwambia samahani, lakini sampuli ya kilo moja kwa gunia kutoka sehemu moja haitatosha, nikamweleza habari ya Kibaigwa na bambo. Wakatazamana, yule mama mkubwa wa mradi akachukua kalamu akaanza kuandika. Baada ya hapo tulibishana karibu nusu saa nzima, na nafasi nikapata.

Vijana wengi pia hawajui kwamba Sweden hiyo PhD kwa kawaida ni ajira, inatangazwa kama kazi nyingine, unalipwa mshahara miaka 4, ada hakuna hata kama umetoka nje ya Ulaya. Wanakaa kusubiri tangazo la skolashipu kubwa wakati nafasi ziko kwenye ukurasa wa kazi wa chuo husika. Wala si lazima uvuke bahari, ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani Nairobi, wanasomesha PhD chini ya programu yao ya ARPPIS toka 1983. Na hao mawakala wanaodai laki kadhaa wakuombee nafasi, tafadhali msiwape, fomu unajaza mwenyewe.

Ila kwenye barua na kwenye kubishana kijana hajiwezi peke yake, hapo anamtegemea mwalimu. Naomba walimu wenzangu, tena wakubwa zangu nawaomba kwa heshima, tuandike wenyewe, ukurasa mmoja unatosha, tukae na kijana nusu saa tumuulize alifanya nini tukumbushane. Na kwenye semina za idara tuwaache watupinge. Mwanafunzi akisema prof hapo sijakuelewa, au nadhani umekosea, asionekane hana adabu, maana siku ya intavyuu ndicho atakachoulizwa na hatakua amewahi kukifanya hata mara moja.

Yule kijana wa mbaazi anaomba tena, safari hii mwisho ni katikati ya Januari. Jumatano jioni tunaanza mazoezi ya maswali ofisini kwangu, tumepata na watu wawili wa kumbishia. Linki ya mdhamini imeshatumwa tena kwa mwalimu wake. Mzee wangu, kama gazeti hili limekufikia, nakuomba fungua hiyo imeli.

Mwalimu wa chuo,
Morogoro