Uliniuliza kama Baba ameona

Mdogo wangu,

Nimeshakuandikia meseji zisizo na idadi. Tiki mbili za buluu zinatokea, kisha kimya. Juzi shangazi kaniambia kwamba haya ninayoandika humu mtandaoni kuhusu vitunguu vya Mang'ola unayasoma yote, hata lile la dawa ya ukungu ulimsimulia. Basi leo sina vitunguu. Leo naandika kwako, na wengine watakaopita wanisamehe.

Nianze na ile Jumamosi, maana ndiyo iliyokaa katikati yetu.

Baba alifariki Alhamisi alfajiri. Wewe mbio zako zilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi ya huko Marekani, saa mbili usiku hapa Karatu. Bando la kukutazamia nilimnunulia Baba mwenyewe Jumatano, akanionya nisiliguse. Ilipofika saa mbili turubai limejaa watu, wanakwaya wameanza wimbo wa tatu, Mama yuko chini kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nikachukua simu ya Baba nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia la mbaazi, sauti nimeizima kabisa. Nikakutafuta katikati ya mamia ya vijana wale. Nilikutambua kwa kiwiko: mkono wa kushoto unaubana kama mtu aliyebeba daftari kwapani, ndivyo unavyokimbia tangu darasa la nne. Kilomita nane. Nyasi zimekauka, wenzako wanatoa mvuke mdomoni. Kwenye kilima cha mwisho ukapita watu kumi na mmoja, niliwahesabu mmoja mmoja. Ulipomaliza uliinama, mikono magotini, halafu ukainuka ukatazama kamera sawasawa, kama mtu anayejua nani yuko upande wa pili.

Haikupita saa moja simu yangu ikatetemeka mfukoni. "Shikamoo dada. Baba ameona?"

Nikajibu: "Marahaba. Ameona."

Usiku uleule binamu akaweka picha ya Baba na mshumaa kwenye grupu la ukoo. Ulipiga mara tisa. Sikupokea hata moja. Jumatatu tukazika.

Sasa nisikilize, maana hujawahi kunipa nafasi ya kusema. Unakumbuka tulivyolelewa. Baba kwake mbio zilikuwa ni Filbert Bayi, mtoto wa hukuhuku kwetu, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, 1974, mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, kaongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe. Alitusimulia mpaka tukajua anapopumua. Na baada ya Bayi walikuja wakimbiaji wetu wengine, Nyambui na Shahanga, waliokwenda kusoma El Paso kule Texas kwa sababu ya miguu yao. Kwa hiyo barua ya chuo chako ilipofika, chuo kidogo cha Walutheri ambacho hata mchungaji aliyetuunganisha ilibidi atuonyeshe kwenye ramani, Baba alisoma neno moja tu la ufadhili akasema: mtoto kapata kwa miguu. Kanisa zima likaamini hivyo. Kwenye harambee ya nauli watu walichangia mkimbiaji. Mimi niliuza ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya mkimbiaji.

Ndiyo maana Alhamisi ile nilijiambia: akijua leo, hatakimbia. Asipokimbia watamwondolea ufadhili, atarudi bila cheti, na Baba atakuwa amekufa bure. Hivyo tu. Wajomba walikubaliana nami. Lakini simu ilikuwa mkononi mwangu mimi, sitawasingizia.

Kumbe ulikuwa umeniambia. Mwaka wako wa kwanza, ile Krismasi ulipiga simu ukiwa umetoka kuosha vyombo kwenye bwalo, ukasema: "Dada, huku mbio hazilipi." Ukanieleza kwamba michezo ya vyuo imegawanywa madaraja matatu, na ninyi mko la tatu, ambalo tangu lilipoanzishwa mwaka 1973 halitoi hata senti kwa ajili ya mchezo. Anayekimbia anakimbia kwa kupenda. Fedha yako ilitokana na hali ya nyumbani na alama zako, na fungu jingine lilikuwa la kwaya: mwaka usioimba, hulipati. Mimi nilicheka. Nikakwambia usijishushe, Mungu kakupa miguu. Nilidhani ni unyenyekevu.

Kwa hiyo nilikuficha kifo cha Baba ili kulinda kitu ambacho hakikuwepo. Nimeyaandika haya nikayasoma mara tatu. Ni kweli.

Lakini na wewe! Wiki mbili na nusu baada ya mazishi, mtu akatuma video ya konsati yenu ya Krismasi. Umesimama mstari wa mbele na suti nyeusi, mishumaa kila mahali, unaimba peke yako ubeti mzima kwa Kiswahili, wazungu mia mbili nyuma yako wanakuitikia. Mama alitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyu amefiwa huyu?" akaenda kufunga mbuzi. Miezi mitatu hakutaja jina lako. Na mimi, sikufichi, nilifurahi kwamba kakasirika, maana mzigo ulipungua upande wangu. Kwenye arobaini hukuja. Hukupiga hata simu ya dakika mbili uongee na wazee. Mtoto wa kiume wa pekee, mdogo wangu. Uliniachia nisimame mimi pale mbele kutoa shukrani za familia, na kila aliyenipa mkono aliuliza uko wapi.

Mwezi wa pili ikaja barua kupitia dayosisi, kutoka kwa mke wa mwalimu wako wa kwaya. Nimeitafsiri mwenyewe kwa kamusi. Anasema wiki ile baada ya mbio ilikuwa sikukuu yao ya kushukuru, wanafunzi wote wakaenda kwao, bweni likabaki na taa ya korido na wewe. Walikukuta siku ya tatu. Hukuwa umekula. Wakakuchukua kwao ukalala chumba cha mtoto wao. Anasema ulikataa kukimbia tena, viatu vile vya misumari ulivifunga kamba ukavitundika kwenye mlango wa kocha usiku, bila neno. Lakini mazoezi ya kwaya hukukosa hata siku moja, na ule ubeti ulimwomba mwalimu mwenyewe. Ulimwambia ni wimbo ambao baba yako aliimba besi.

Mimi ule wimbo niliusikia kwenye video, na sikuutambua! Niliutazama mdomo wako na suti yako. Nilikuwa nahesabu makosa. Baadaye nilikwenda kwenye sanduku la Baba nikatoa daftari lake la solfa, noti za kwaya zinazoandikwa kwa herufi, lile lenye jalada la kijani, nikaukuta ukurasa wa kumi na nne, mstari wa besi kaupigia wino mwekundu, na pembeni mwandiko wako wa kitoto: d m s, d m s. Ulikuwa na miaka saba. Alikuketisha mapajani kanisani na kukugonga mapigo kwenye goti. Mimi nilikuwa soprano kule mbele, nikiona wivu.

Sasa ushauri wa dada yako, upokee au uuache. Kimya hakimkomoi mtu mmoja. Ukininyima mimi sauti yako, Mama naye anakosa. Anaumwa miguu, ameanza kusahau majina. Mwanamume anarudi kwao hata kama kakosewa. Baba alikosewa na kaka zake kwenye shamba la kule bondeni na bado alikwenda kuwazika wote wawili. Unajua ninavyolisema hili? Nalisema kama mtu ambaye hakukosea. Naomba ulisome kama mtu aliyekosea. Ningekuwa na ile Alhamisi tena, ningekupigia saa kumi na moja alfajiri, Mungu shahidi. Au labda nisingeweza. Ulikuwa umejiandaa miaka miwili kwa mbio zile na nilitaka mtu mmoja nyumbani kwetu apate siku nzuri wiki ile.

Simu ya Baba ninayo. Bando lililobaki liliisha muda wake lenyewe, sikulitumia.

Kaburi bado ni udongo na msalaba wa mbao. Mama kakataa katakata lisijengewe mpaka uje uweke tofali la kwanza. Nilinunua sementi mifuko sita mwaka jana mwezi wa saba nikijua utakuja chuo kikifungwa. Iko stoo, palepale lilipokuwa gunia la mbaazi. Jana nimeigusa, mifuko miwili ya chini imeshaanza kushika.