Zabuni ya sanamu ya bronzi isiishie kwenye sura na kimo

Ndugu Mhariri,

Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, inatimiza miaka 100 mwaka 2027. Ilichongwa na James Alexander Stevenson, ikamiminwa London na kuletwa kwa meli, ikasimamishwa mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa enzi za Wajerumani, ambayo Waingereza waliiondoa mwaka 1916. Bahari iko karibu, magari yanaizunguka kutwa, kunguru nao hawaiachi, na bado imesimama. Tunaitaja kwa sababu halmashauri na taasisi zinazotaka sanamu za viongozi hutoa hadidu za rejea zinazoeleza sura, kimo na tarehe ya uzinduzi, basi. Vinavyoamua sanamu itadumu miaka mitano au mia havimo.

Tuanze na metali. Mkataba uandike mchanganyiko wenyewe. Ule wa zamani una shaba nyekundu asilimia 85, na bati, zinki na risasi asilimia tano tano. Unaotumika sana siku hizi una shaba takriban asilimia 95, silikoni tatu hadi nne, na manganizi kidogo. Yote miwili inafaa nje. Kisichofaa ni kuchomelea vipande kwa waya wa mchanganyiko mwingine: siku ya uzinduzi rangi inaficha, lakini baada ya misimu michache ya mvua kila kiungo kinajichora kama mshono kwenye shati.

Sanamu ya bronzi huwa tupu ndani, na unene wa ukuta wake uwe milimita 5 hadi 6. Ukiwa mwembamba sana metali inaganda kabla ya kujaza kalibu (umbo inamomiminwa) na kuacha matundu. Ukiwa mnene kupita kiasi inaponywea wakati wa kupoa inapasuka. Mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 5 ina uzito wa karibu kilo 44, kwa hiyo mkaguzi mwenye mizani anaweza kujua alichouziwa. Wapo wanaouza fiberi iliyochanganywa na unga wa bronzi kwa bei ya bronzi. Na anayeshangaa gharama akumbuke kwamba kimo kikiongezwa mara moja na nusu, eneo la sanamu, na metali yake, huongezeka mara 2.25. Hata hivyo ukubwa wa mtu wa kawaida hautoshi kwenye uwanja wazi. Juu ya msingi wa mita mbili ataonekana kama mtoto.

Hatua inayoharakishwa kuliko zote ni ile ya kufinyanga mfano wa sanamu kwa udongo, na ndiyo ya mwisho ambapo sura inarekebishwa kwa bei nafuu. Familia na kamati waje hapo, wakiwa na picha za mbele, za ubavuni na za nyuma, waitazame sanamu kutoka chini kama mpita njia atakavyoiona, kisha watie saini. Huku kwetu jua la saa sita liko utosini, hivyo matundu ya macho yakichimbwa sana yanageuka mashimo meusi. Mchongaji asiyachimbe kwa kina. Baada ya udongo kuna kalibu ya mpira, nakala ya nta inayotoka humo, ganda la kauri juu ya nta, moto wa kuyeyusha nta, na kumimina metali mahali pake. Kubadilisha pua kwenye nta ni kazi ya kurudia. Kwenye metali ni kukata na kuchomelea upya. Kwa sanamu kubwa, kazi nzima huchukua miezi tisa hadi mwaka. Anayeahidi miezi mitatu aulizwe ni hatua gani ataruka.

Ndani ya sanamu ndimo maradhi yanamoanzia. Misumari ya chuma iliyoshikilia kiini, yaani udongo unaojaza uwazi wa ndani wakati wa kumimina, ing'olewe yote na matundu yazibwe kwa bronzi, na udongo wa kiini usafishwe hadi mwisho, kwani ukibaki unanyonya maji na chumvi. Mifupa ya ndani, yaani vyuma vinavyoishikilia sanamu, na bolti za miguuni ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, kinachostahimili chumvi. Nondo ya kawaida ikipata kutu inavimba na kupasua kisigino pamoja na jiwe lililo chini yake. Sehemu ya chini kabisa itobolewe tundu la milimita 8 hadi 10 la kutolea maji, na msingi uwe na mfereji, la sivyo maji ya kijani yatachora jiwe. Fimbo, usinga na miwani vichomelewe kabisa. Vikifungwa kwa skrubu, vitaishia kwenye vyuma chakavu.

Matunzo yenyewe si ghali, ila yanataka ratiba. Pwani tunashauri mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Osha kwa maji mengi yasiyo na chumvi na brashi laini ya nailoni, ukiweka kijiko cha chai cha sabuni laini isiyo na manukato kwa lita 10. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike, na visima vingi vya Dar ndivyo vilivyo. Kazania chini ya kidevu, kwapani na ndani ya mikunjo ya nguo, kwa kuwa mvua haifiki huko na chumvi inajikusanya. Kinyesi cha ndege kilowekwe, kisikwanguliwe. Sanamu ikishakauka na kupata joto la jua la asubuhi, ipakwe nta safi ya mikrokristali (nta itokanayo na mafuta ya petroli), tabaka jembamba, kisha isuguliwe kwa kitambaa cha pamba. Nta ya nyuki ina asidi, inalainika juani na kunasa vumbi. Nta ya magari mara nyingi ina unga wa kusugulia, nao unakula rangi.

Jiki, ndimu, majivu, steelwool, msasa, pampu ya kuoshea magari na rangi ya dhahabu visikaribie kabisa. Rangi ile ya kahawia au kijani iliyokomaa, ngumu, inayong'ang'ania, haina ubaya; kuing'arisha ni kuvua ngozi ya sanamu. Cha kuogopa ni madoa ya kijani hafifu, ya unga, yanayodondoka ukiyagusa kwa kijiti cha mwanzi na kurudi wiki chache baadaye. Hapo chumvi imeingia kwenye shaba. Kila ikipata unyevu inatoa asidi inayokula metali zaidi. Usiifunike kwa nta. Mwite mtaalamu wa uhifadhi, maana dawa zake ni za mtu mwenye glavu na mafunzo.

Kabla malipo ya mwisho hayajatoka, halmashauri idai faili lenye jina la mchanganyiko, mchoro wa mifupa ya ndani, kanuni ya rangi iliyotumika, picha za pande zote, na maandishi yanayosema kalibu ni ya nani na nakala ngapi zinaruhusiwa. Gharama za usafi wa miaka 10 ziingizwe kwenye bajeti ile ile ya ununuzi, kwa sababu fedha za hema na viti vya uzinduzi hazijawahi kukosekana.

Wachongaji na mafundi wa kumimina metali,
Dar es Salaam