Mtu wa shaba mbele ya maktaba

College Park, Maryland

Somo yangu mpenzi,

Salamu zako zimenifika, na za mama pia, na habari za harusi nimezisoma mpaka aina ya biriani. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonionea. Sasa nikujibu swali lako, maana umeliuliza kwa kejeli: huyo bwana wa shaba ninayepiga picha mbele yake kila mara ni mume wa nani? Ni mume wa Anna Murray, somo. Na Anna alipofariki akamwoa Helen Pitts, mwanamke wa kizungu, watu wakasema weee mpaka wakachoka wenyewe. Jina la bwana huyo ni Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri wa Marekani.

Alizaliwa mtumwa mwaka 1818 huku huku Maryland, upande wa pili wa ghuba ya Chesapeake. Siku yake ya kuzaliwa hakuijua mpaka anakufa. Akiwa mtoto alipelekwa Baltimore, na bibi wa nyumba akaanza kumfundisha herufi. Mumewe akapiga marufuku: mtumwa akijua kusoma hatafaa tena utumwa. Mtoto naye yupo pale anasikiliza! Basi akajua dawa iko wapi. Akawa anatoka na mikate, anawagawia watoto wa kizungu wenye njaa mitaani, nao wanamlipa kwa kumsomesha. Septemba 1838 akapanda treni pale Baltimore amevaa nguo za baharia, na cheti cha kuazima cha baharia huru mfukoni, akatoroka kwenda kaskazini. Katika pesa za safari hiyo mlikuwa na akiba ya Anna, mwanamke huru aliyefanya kazi za nyumbani. Hapa chuoni kwetu, Chuo Kikuu cha Maryland, Anna hana sanamu, na mimi hilo linaniudhi.

Sanamu ya mumewe iko uwanjani mbele ya maktaba ya Hornbake, imewekwa Novemba 2015. Urefu wake unapita futi saba. Aliyeitengeneza ni Mwingereza, Andrew Edwards, huyo huyo aliyewatengeneza wanamuziki wa Beatles kwa shaba kule Liverpool. Ukizoea zile picha za Douglass mzee mwenye mvi nyingi kichwani, hapa hutamtambua. Huyu ni kijana wa miaka 27, yuko katikati ya hotuba, mkono ameunyanyua. Ni Douglass wa mwaka 1845, aliyekuwa ametoka kuandika kitabu cha maisha yake na kumtaja bwana wake kwa jina. Ukishaandika hivyo, nawe kisheria bado ni mali ya mtu, hukai Marekani ukalala usingizi. Akavuka bahari, akahutubia Dublin, Cork, Belfast, kisha Uingereza. Marafiki zake wa huko ndio waliochanga wakamnunulia uhuru wake mwaka 1846, na wako wapinga utumwa wenzake waliomlaumu: kulipa ni kukubali kwamba mtu huuzwa! Rahisi kusema hivyo ikiwa anayewindwa si wewe.

Lakini ninachotaka kukuandikia hasa ni huku kusimama kwake.

Hapo Washington, jirani tu na sisi, kuna bustani inaitwa Lincoln Park, na ndani yake sanamu ya Rais Lincoln ameunyoosha mkono juu ya mtu mweusi aliyepiga goti miguuni pake, minyororo imekatika. Pesa zake zilichangwa na watu waliotoka utumwani wenyewe. Wa kwanza alikuwa Charlotte Scott, aliyetoa dola 5. Walitoa pesa, ila namna ya sanamu itakavyokuwa hawakuulizwa. Siku ya kuizindua, Aprili 14, 1876, msemaji mkuu alikuwa Douglass, na Rais Grant amekaa anamsikiliza. Hakuwapaka mafuta. Aliwaambia waziwazi kwamba Lincoln alikuwa kwanza rais wa watu weupe. Siku chache baadaye akaandika gazetini kwamba kabla hajafa angependa kuona mnara unaomwonyesha mtu mweusi si kwa kupiga magoti kama mnyama wa miguu minne, bali amesimama kwa miguu yake kama mtu. Barua hiyo ilisahauliwa, wanahistoria wakaiibua mwaka 2020. Hebu piga hesabu, somo. Huyu wa hapa alikuwa ameshasimama miaka mitano.

Alijua nguvu ya sura, yule bwana. Zimehesabiwa picha zake zaidi ya 160, hakuna Mmarekani wa karne yake aliyepigwa picha nyingi kama yeye, na humwoni anacheka. Alikusudia. Michoro ya siku zile ilimwonyesha mtumwa kama mtu wa kuchekacheka, mwenye furaha shambani, na yeye hakutaka kuwapa hata jino moja.

Usidhani nakisifia chuo. Mwanzilishi wake, Charles Benedict Calvert, alimiliki watumwa. Kilianzishwa 1856, na mwanafunzi wa kwanza mweusi wa shahada ya kwanza, Hiram Whittle, aliingia 1951. Morgan State, chuo cha watu weusi pale Baltimore, kilimsimamisha Douglass tangu 1956, kazi ya mikono ya James Lewis. Hawa wa kwetu wakangoja karibu miaka sitini. Na alipowekwa hatimaye, uwanja wa mpira ulikuwa bado unaitwa kwa jina la Curley Byrd, mkuu wa chuo wa zamani aliyepinga weusi kuingia chuoni. Jina hilo liliondolewa mwezi uliofuata, Desemba 2015, baada ya wanafunzi kupiga kelele. Mimi nasema kelele ndizo zilizoliondoa, ila siwezi kujizuia kufikiri kwamba huyu wa shaba naye alikuwa anasaidia.

Siku hizi wanafunzi wanakula chipsi chini yake. Siku ya mahafali wanapanga foleni kupiga naye picha, majoho yanapepea. Najua babu angesema nini kuhusu masanamu, usimsomee barua hii.

Kuhusu darasa lako: unasema mwezi ujao unawapeleka Mkunazini. Zile sanamu za watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni, zimekuwepo tangu 1998 na kila mgeni anatoka pale amenyamaza. Sizipingi, mahali penyewe palikuwa soko la watu na ni sawa paume. Lakini hao watano hawana majina wala hawasemi. Waulize watoto: kama Unguja ingepata sanamu ya pili, ya mtu aliyetoka utumwani amesimama anaongea, wangemweka nani, na wangempa neno gani la kusema? Wasikimbilie kujibu Sultan Barghash kwa kuwa alitia saini kulifunga soko mwaka 1873. Namtaka mtu aliyeuzwa.

Majibu yao nitumie, hata ya wale watundu wa nyuma. Msalimie mama, mwambie udi umefika salama ila forodhani waliunusa mno. Na harusi nataka picha, usiniletee maelezo tu.

Wako,
Somo