Mimi Ni Mmoja wa Wale Wanaoota Jua Bustanini

Kwa Mhariri,

Barua hii imeletwa na njugu. Alhamisi iliyopita nilinunua njugu za shilingi 20 nje ya Bustani ya Jeevanjee, muuzaji akanifungia kwenye karatasi aliyoikunja kama pembe. Nilipozimaliza niliikunjua, maana sina moyo wa kutupa maandishi kabla sijayasoma, nikakuta ni ukurasa wa barua za wasomaji wa gazeti lako. Bwana mmoja alikuwa akiwalalamikia watu wazima wanaojaza viti vya bustani za jiji saa nne asubuhi, siku ya kazi, wakiota jua kama kenge. Ni akina nani hawa, aliuliza, na wanakula wapi, na kwa nini... Hapo karatasi ikakatika. Nusu ya hoja yake ilikwenda na njugu za mtu mwingine.

Basi mimi ni mmoja wao. Kwa kuwa aliuliza hadharani, nami namjibu hadharani.

Nina miaka 63. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi hapa Nairobi hadi nikastaafu nikiwa na miaka 60, ndipo nikaanza kuandika ile riwaya niliyokuwa nikiwatishia wenzangu chumba cha walimu kwamba siku moja nitaiandika. Imenichukua miaka mitatu na madaftari sita, yale makubwa ya jalada jeusi na uti mwekundu ambayo wenye maduka huandikia madeni. Yote kwa mkono. Sentensi ya mwisho niliiandika Jumapili moja mwezi uliopita, chapati ikiwa motoni. Nikaweka kalamu chini, nikaenda kuigeuza. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mzee wangu aliuliza tu kama madondo yameiva.

Sasa mswada uko eda. Neno nimeliazima kwa jirani yangu Mwislamu hapa Jericho, aliyenieleza kuwa mjane hukaa miezi minne na siku kumi kabla ya kurudi kwenye shughuli za watu. Nami nimeyafungia madaftari katika sanduku la bati la shuleni la kitinda mimba wangu, nikalisukuma chini ya kitanda, na ufunguo nikampa huyo jirani. Aliniuliza kama nimeficha pesa. Nikamwambia nimeficha makosa, nataka niyasahau kidogo ili tukikutana tena niyaone usoni.

Ndiyo maana niko bustanini, bwana. Julai ya Nairobi unaijua: mawingu mazito, baridi ya kuingia kwenye magoti, kisha ghafla jua linatokeza kwa dakika ishirini kama mgeni asiyetaka hata chai. Miaka mitatu dakika hizo zilinipita nikiwa nimeinamia meza, nimejitanda leso mbili. Sasa likitokeza hunikuta nimeshakaa. Kiti changu ni kile cha karibu na wang'arisha viatu. Mmoja wao aliniuliza siku ya kwanza, "Mama, unangoja mtu?" Nikamwambia simngoji mtu. Siku ya tatu akaacha kuuliza, akawa ananiwekea kipande cha kadibodi cha kukalia kiti kikiwa na umande.

Mbele yetu kuna wachezaji wa drafti, ubao umechorwa kwa kalamu ya wino na kete ni vizibo vya soda. Upande mmoja vizibo vimechanua, upande wa pili vimelala kifudifudi, ndivyo wanavyojua cha nani ni cha nani. Nimeandika riwaya nzima ya mji huu na sikujua hilo. Saa saba wahubiri huanza, kila mmoja na kona yake, nami nikishashiba neno hutembea polepole hadi Uhuru Park.

Usidhani, bwana mwandishi, kwamba viti hivi viliota vyenyewe. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa jiji bustani hii mwaka 1906. Na mwaka 1989 kulipokuwa na mpango wa kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai aliupinga akatukanwa mchana kweupe, na jumba halikujengwa. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana mwenye mshahara wa kuogopea. Sikufungua mdomo. Kwa hiyo usinitarajie leo nione haya kukaa.

Nyumbani nako nina starehe zangu. Nachagua mchele kwenye ungo, punje kwa punje, redio ikizungumza. Sijaunguza sufuria tangu siku ile ya chapati, na kabla ya hapo nilikuwa nimeunguza tatu. Nasoma vitabu vya watu wengine bila kuwaonea wivu, au basi, wivu kidogo.

Lakini nisikudanganye kwamba nimepumzika kabisa. Siku ya tisa nilikuwa Muthurwa nikichagua nyanya, mkono umo ndani ya fungu, nikakumbuka kwamba shemeji wa mhusika wangu mkuu, niliyemzika sura ya tatu kwa matanga marefu, katika sura ya saba anakunywa chai na kuomba sukari. Nilisimama pale na nyanya mkononi. Mama muuzaji akaniambia, "Mwalimu, hiyo haijaoza, nunua." Nikanunua. Kisha nikaazima kalamu yake nikaandika nyuma ya risiti: marehemu anakunywa chai. Risiti iko ndani ya Biblia yangu. Jirani nilimwendea jioni ile kuomba ufunguo, akakataa, na amefanya vyema.

Mhariri, kama unamfahamu bwana yule, naomba umwambie kwamba ningependa kuisoma nusu ya barua yake iliyobaki. Hasa pale aliposema "na kwa nini". Jumanne na Alhamisi huwa pale kuanzia saa nne. Aje na barua, njugu nitanunua mimi.

Mwalimu mstaafu,
Jericho, Nairobi