Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tanga

Ndugu wanachama, na wageni wetu walimu kutoka Muheza, Pangani na Lushoto: shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za asubuhi.

Katiba inanitaka nieleze kazi zilizofanyika, hali ya fedha na tunakoelekea. Fedha namwachia mweka hazina. Hesabu zake zimekaguliwa na nakala mnazo mkononi. Muda wangu nitautumia kwenye kazi yenyewe, kwa sababu mwaka huu chama chetu cha hisabati kimebadili mwenendo. Zamani tulikuwa tukikutana kutatua maswali ya mitihani. Safari hii tuliamua kuanza na jambo linaloonekana hapa hapa mkoani, kulipima, ndipo tulitafutie mlinganyo.

Tulianza na bahari. Kikundi cha Raskazone kilisimika nguzo yenye alama za sentimita, kikaandika kina saa baada ya saa, maji yakijaa na yakipwa. Wavuvi waliwatazama kwa subira, maana bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) wanayajua tangu utotoni. Modeli, yaani milinganyo inayoiga jambo halisi, inaongeza sababu yenye namba. Mwezi huleta wimbi la saa 12 na dakika 25, jua huleta la saa 12 kamili. Mawimbi mawili yaliyokaribiana hivyo hupatana, huachana, kisha hupatana tena baada ya siku zipatazo 15. Yakipatana ni bamvua, yakiachana ni maji mafu. Mwaka 1872 mwanafizikia William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya kapi na kamba ya kujumlisha mawimbi ya aina hii. Vijana wetu wamejumlisha kwa simu.

Kundi la mafundi nalitaja kwa ufupi, si kwa kulidharau. Walichukua shokapu ya pikipiki, wakaandika mlinganyo wa mtikisiko wake, halafu wakaandika wa saketi yenye koili, kapasita na ukinzani. Ni mlinganyo mmoja. Uzito unakaa mahali pa koili, ugumu wa springi mahali pa 1 iliyogawanywa kwa uwezo wa kapasita, na mafuta yanayotuliza mtikisiko mahali pa ukinzani. Anayeielewa shokapu ameshaielewa nusu ya redio, na hili nataka walimu wa ufundi walibebe hadi darasani.

Sasa malaria, ambayo ndiyo kazi ninayojivunia zaidi. Daktari Mwingereza Ronald Ross alithibitisha mwaka 1897 kuwa mbu hubeba vimelea vya malaria, na baadaye akaandika milinganyo iliyoonyesha kwamba si lazima kumaliza mbu wote: wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia wenyewe. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa malaria George Macdonald alisogeza hoja mbele. Alionyesha kuwa umri wa mbu una uzito kuliko idadi yao.

Wanachama wetu wa Muheza waliirudia hesabu hiyo kwa joto la mkoa wetu. Vimelea vikiingia kwa mbu haviambukizi siku hiyo, lazima vikomae. Kanuni inayotumika sana ni kugawa 111 kwa nyuzi za sentigredi zinazozidi 16. Kwenye nyuzi 27 za mwambao zinatoka siku 10. Kwenye nyuzi 20, milimani upande wa Lushoto, zinatoka siku 28. Tuseme mbu ana nafasi 9 kati ya 10 ya kuiona kesho. Kati ya mbu 100 walionyonya damu yenye vimelea, huku chini 35 hivi watafika siku ya kuambukiza; kule juu watafika 5. Mbu ni wale wale, damu ni ile ile. Kilichobadilika ni nyuzi 7 tu za joto.

Kisha tandika chandarua chenye dawa, nafasi ya kuiona kesho ishuke hadi 8 kati ya 10. Huku mwambao wale 35 wanabaki 11. Punguzo dogo linarudiwa kila siku kwa siku 10, yaani 0.8 inazidishwa kwa yenyewe hadi kipeo cha 10, ndiyo maana linauma hivyo. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alipofika hapo ubaoni aliacha kuandika, akauliza kwa nini hajawahi kuambiwa kuwa vipeo vina kazi hii. Ninaamini swali lake linatuhusu sisi tuliomo ukumbini kuliko yeye.

Hesabu hii haijaingiza mvua, madimbwi, joto la ndani ya nyumba, wala wasafiri wa mabasi ya kila siku kati ya mlimani na mjini. Wahusika waliyaandika hayo kwenye ukurasa wa kwanza, na hapo ndipo nilipopata pendekezo langu kwenu.

Mkoa wetu una mfano wa kutosha wa modeli iliyoacha kitu nje. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba huko Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza na yakawahi kuganda kuliko yaliyopoa. Modeli inayotazama joto pekee haiwezi kukubali: cha moto lazima kipite kwanza joto la kilichopoa, basi kitakiwahije? Kama kinakiwahi, kuna kitu kimeachwa nje, pengine mvuke unaopotea au mzunguko wa ndani ya kimiminika. Mpemba na mwanafizikia Denis Osborne walichapisha majaribio yao mwaka 1969. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa uangalifu wasione ushahidi wa kutosha. Mjadala ungali hai, na chimbuko lake ni kijana aliyekataa kunyamaza alipoambiwa amechanganyikiwa.

Kwa hiyo naomba mkutano uridhie mambo mawili. Kwanza, kuanzia mwaka ujao, modeli yoyote inayoletwa kwenye chama iambatane na ukurasa unaosema imeacha nini na kwa nini. Isiyo nao irudishwe kwa mwenyewe. Pili, sehemu ya ada inunue vipimajoto vya kugawa kwa shule za Muheza na Lushoto, ili joto tunaloweka kwenye hesabu ya malaria liwe tulilolipima wenyewe, usiku na mchana, ndani na nje ya nyumba.

Naomba kuwasilisha.