Yubari haikuuawa na wageni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu mwandishi wa makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu utalii wa theluji nchini Japani. Kwa ufupi alisema Wajapani wamelala, wageni wamewanunulia milima yote, na mji wa Yubari sasa ni kaburi linaloonyesha mwisho wa uwekezaji wa kigeni. Sina ugomvi naye, ameandika kwa uchungu na kalamu yake ni nzuri. Ila mimi nilisoma Sapporo kuanzia 2018 hadi 2021, na likizo mbili za Februari na Machi nilikwenda kufanya kibarua cha usafi huko huko Niseko anakokusema. Yapo mambo aliyoyachanganya, na moja kati ya hayo ni kubwa.

Niseko si hoteli, wala si mali ya mtu mmoja. Ni viwanja vinne vya kuteleza kwenye theluji vilivyouzunguka mlima Annupuri, katika kisiwa cha Hokkaido, na vinauza tiketi ya pamoja. Kiwanja cha Annupuri kiko mikononi mwa kampuni ya mabasi ya Hokkaido. Grand Hirafu, chenye watu wengi kuliko vyote, ni cha Tokyu, Wajapani watupu. Hanazono nacho kilikuwa cha Tokyu, wakakiuza 2004 kwa kampuni iliyoongozwa na Waaustralia, nao wakakipitisha 2007 kwa PCPD ya Hong Kong, kampuni ya tajiri Richard Li. Cha nne, Niseko Village, kilitoka kwa Seibu, kampuni nyingine ya Kijapani, kikaenda kwa benki ya Kimarekani ya Citigroup, kisha mwaka 2010 YTL ya Malaysia wakakichukua kwa yen bilioni 6. Kwa hiyo ukihesabu vizuri ni nusu kwa nusu. Na sehemu ya juu ya mlima ni msitu wa serikali. Kampuni inakodi mteremko, inajenga lifti ya viti ya kupandisha watu mlimani, inauza tiketi. Mlima haujauzwa.

Ardhi ya chini ndiyo inayouzwa, na hapo mwandishi ana hoja. Kwetu Tanzania mgeni hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hata hapo haipati kama aipatavyo raia. Japani mgeni ananunua kiwanja na jina lake linaandikwa kwenye daftari la ardhi kama la mzaliwa. Miaka ile niliyokuwepo, bei ya viwanja katika mji wa Kutchan, ambao Hirafu imo ndani yake, ilikuwa inapanda kwa kasi iliyoongoza nchi nzima, Tokyo ikiwa nyuma.

Siku moja nikiwa natandika vitanda niliamua kuhesabu. Mlima wa serikali ya Japani. Lifti za Tokyu. Apatimenti ya mtu wa Hong Kong ambaye sikuwahi kumwona. Kampuni ya kusimamia apatimenti ilikuwa na bosi Mwaustralia, na mapokezi alikuwapo binti wa Kitaiwani. Anayesugua choo, Mtanzania. Apatimenti yenyewe ilibadilisha mwenyewe mara mbili katika misimu yangu miwili, na mimi nilijua tu kwa sababu rangi ya taulo ilibadilika.

Hilo la taulo naomba msomaji alishike, nitalirudia.

Kwanza tujiulize kwa nini waliuza. Mwaka 1987 Japani ilipitisha sheria ya kuhamasisha ujenzi wa maeneo ya mapumziko, wakati benki zilikuwa zinagawa mikopo kama njugu. Kila wilaya yenye kilima ikataka lifti. Katika miaka ya 1990 Wajapani waliokuwa wakiteleza kwenye theluji walifika takriban milioni 18 kwa mwaka. Baada ya hapo uchumi ukadorora, vijana wakapungua, na idadi hiyo ikaporomoka hadi chini ya theluthi. Lifti zikabaki zinapandisha viti vitupu na madeni yanasubiri chini. Waliokuwa wakiuza Niseko walikuwa wanatua mzigo. Na waliokuja kuunyanyua hawakuanza kwa masanduku ya fedha. Mwaustralia Ross Findlay, ambaye pale kila mtu anamjua, alianzisha mwaka 1995 kampuni ya kuwapeleka watu mtoni kwa boti za mpira wakati wa kiangazi, ili vijana wa pale wapate kazi theluji ikiyeyuka. Serikali ya Japani yenyewe ilimtambua kwa hilo. Matajiri walikuja baadaye, wakifuata theluji laini inayoletwa na upepo wa Siberia ukivuka Bahari ya Japani, na zaidi wakifuata bei ya viwanja.

Siwatetei wote. Mshahara wangu wa kibarua ulikuwa yen 1,300 kwa saa wakati kima cha chini cha Hokkaido mwaka 2019 kilikuwa yen 861. Kwangu ilikuwa neema. Kwa mwenye duka la nyanya pale Kutchan, au mama anayehitaji mtu wa kumlea mzee wake nyumbani, ilikuwa balaa, kwa sababu nani atakubali kumwogesha mzee kwa yen 900 wakati hoteli inalipa zaidi kwa kutandika kitanda? Bakuli la rameni, yaani supu ya tambi, kule mlimani linazidi yen 2,000, wakati Sapporo nilikuwa nakula kwa chini ya nusu yake na kubakiza. Kutchan angalau waliamka: Novemba 2019 walianza kutoza kodi ya malazi ya asilimia 2 ya bei ya chumba, ili anayelala kwenye chumba cha laki moja alipe zaidi ya anayelala kwenye kitanda cha elfu tatu. Ilikuwa mara ya kwanza Japani kodi hiyo kutozwa kwa asilimia.

Sasa Yubari, ambako ndiko kosa kubwa la makala liliko.

Yubari, huko huko Hokkaido, ulikuwa mji wa makaa ya mawe. Mwaka 1960 ulikuwa na watu zaidi ya laki moja. Mwaka 1981 gesi ililipuka katika mgodi mmoja wakafa watu 93, na kufikia 1990 mgodi wa mwisho ulikuwa umefungwa. Wakuu wa mji wakaja na kauli iliyochezea lugha yao: kutoka tanko, yaani mgodi wa makaa, kwenda kanko, yaani utalii. Wakajenga makumbusho, bustani ya michezo, hoteli, uwanja wa theluji, yote kwa mikopo, na hesabu wakawa wanazificha kwa kukopa huku ili walipe kule. Mwaka 2007 mji ukatangazwa kuwa umefilisika, na deni la yen bilioni 35 na ushei. Hospitali ikapunguzwa, shule zikaunganishwa, vijana wakahama. Deni hilo halikuletwa na mwekezaji wa kigeni. Kaburi alilolisema mwandishi lilichimbwa na wenyeji, tena kwa nia njema.

Kwa miaka kumi hivi kampuni ya Kijapani iliendesha uwanja wa theluji kwa kukodi. Mwaka 2017 mji ukauza hoteli na uwanja kwa kampuni yenye mtaji wa Kichina, kwa takriban yen milioni 240. Mwaka 2019 mnunuzi akauza kwa mfuko wa uwekezaji wa Hong Kong, na magazeti ya Japani yakaripoti bei ya takriban yen bilioni 1.5. Mara sita ya aliyonunulia, na mji haukupata hata senti katika hiyo faida. Desemba 2020, corona ikiwa imefunga mipaka, kampuni iliyokuwa ikiendesha ikasimamisha kazi na kufilisika. Hapa ndipo mwandishi anaposema: mnaona wageni?

Basi tuangalie Tomamu, mahali pengine pa mapumziko ya theluji, saa moja na ushei kutoka Yubari kwa gari. Hapo pia Wachina walinunua. Mwaka 2015 kampuni iliyo chini ya Fosun ya Shanghai ilinunua mahali pote kwa yen bilioni 18.3. Mwaka 2024 ikauza, safari hii kwa kampuni ya Kijapani, kwa yen bilioni 40.8. Faida ya kutisha, na imekwenda Shanghai. Lakini miaka yote hiyo mwendeshaji wa uwanja wa theluji alikuwa yule yule, Hoshino Resorts, Wajapani waliokuwapo kabla ya Wachina na waliobaki baada yao. Aliyepika uji wa asubuhi hakubadilika, anayeendesha mashine ya kusawazisha theluji saa tisa usiku hakubadilika. Hata Seibu walipouza hoteli na viwanja vyao kadhaa mwaka 2022, uwanja wa Naeba ukiwamo, kwa GIC, mfuko wa serikali ya Singapore, kwa takriban yen bilioni 150, wafanyakazi wa Prince, kampuni ya hoteli ya Seibu wenyewe, waliendelea kuviendesha.

Ndiyo zile taulo zangu. Mwenye mali anaweza kuwa Mchina mwaka huu na Msingapoo mwaka ujao, mgeni wa hoteli asijue, ilimradi anayeijua theluji ana mkataba wake mwenyewe usiokwenda sokoni pamoja na hati ya jengo. Yubari, jengo na mwendeshaji viliuzwa katika kapu moja. Aliyenunua kapu alinunua pia uamuzi wa kuwasha lifti au kutoiwasha.

Niseko wana mfano mwingine wa hili ambao sijaona ukiandikwa kwa Kiswahili. Wanaotaka kuteleza nje ya njia zilizosawazishwa lazima wapite kwenye mageti, na mageti hufungwa siku ambayo theluji inaweza kuporomoka. Kanuni hizo zilianza rasmi mwaka 2001, na kazi ya kila asubuhi ya kuamua inafanywa na watu wa pale pale, ambao kwa miaka mingi waliongozwa na mzee Akio Shinya aliyeuchunguza mlima ule kwa miongo. Geti likifungwa limefungwa kwa wote, uwe Hanazono ya Hong Kong au Hirafu ya Tokyu. Nimeshuhudia mzungu mwenye mavazi ya thamani ya pikipiki akirudishwa na kijana mwenye kipaza sauti, na hakukuwa na bosi wa kumpigia simu.

Kwa hiyo ninaposoma kwamba kampuni ya Singapore, Patience Capital, imetangaza mpango wa kuwekeza takriban yen bilioni 200 huko Myoko, mji mwingine wa theluji nchini Japani, sitaki kujua sana pasipoti ya mwenye fedha. Nataka kujua nani atashika funguo za lifti yeye akitaka kutoka, na kama mji utaulizwa.

Niongeze kitu kimoja, kwa kuwa mwandishi alimtaja Gavana wa Hokkaido kama mtu anayeipigania ardhi ya wenyeji. Naomichi Suzuki ndiye aliyetangaza dharura ya corona tarehe 28 Februari 2020, kabla ya Tokyo kufanya hivyo, na ndiyo siku kibarua changu kilipoisha. Uamuzi mzuri, simlaumu. Lakini pia ndiye aliyekuwa meya wa Yubari mwaka 2017, wakati kapu linauzwa.

Februari 2021, kabla sijarudi nyumbani, nilipanda basi kwenda Yubari. Treni ilikuwa imekwisha tangu 31 Machi 2019, ingawa kituo kilikuwa bado kimesimama karibu na mlango wa hoteli ya uwanja wa theluji. Hokkaido kazi ya kwanza ya asubuhi, kabla hata ya chai, ni kusukuma theluji mlangoni kwa chepe. Mimi mwenyewe nimeisukuma mpaka viganja vikachubuka. Kando ya barabara, vibanda vya wazee vilikuwa vimesafishiwa njia, nyembamba, ya mtu mmoja kupita. Kwenye mlango wa hoteli theluji ilikuwa imefika kiunoni, na haikuwa na alama hata moja ya mguu.

Wako,
Msomaji, Morogoro