Barua kwa Somo Yangu Anayekwenda Likizo

Dar es Salaam,
9 Novemba

Somo yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za watoto. Sisi hatujambo, ila joto la Dar limeanza kututesa, na najua huko Mombasa nanyi hamjasalimika. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema kwamba mkuu wako amekubali likizo yako ya Desemba kwa sharti la "simu iwe wazi tu", nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa maana sharti hilo nimewahi kulionja.

Unakumbuka mwaka jana nilikwenda Lushoto kwa mama. Siku ya pili asubuhi, nikiwa namenya viazi, uliingia ujumbe: "Samahani dada, najua uko likizo, ni dakika tano tu." Malipo ya mzabuni mmoja yalikuwa yamekwama benki, na wa kuyaidhinisha nilikuwa mimi peke yangu. Pale kwetu mtandao hushika sehemu moja tu, nyuma ya jiko chini ya mparachichi, na huko ndiko nilikohamia na kompyuta yangu. Dakika tano zile zilizaa nyingine, kwa sababu watu wakishaona unajibu huacha kujitafutia majibu wenyewe. Siku ya nne nilikuta mama ameshaniwekea kigoda pale chini ya mti, bila kusema neno. Jirani alipopita akauliza mgeni anafanya nini huko nyuma, mama akamjibu kwa sauti yake ya kawaida kabisa: "Yuko likizo, lakini yuko kazini." Nilimsikia vizuri, na nikaendelea kuandika.

Niliwalaumu wenzangu wa ofisini kwa miezi kadhaa. Hasira zilipopoa ndipo nilipoona kwamba aliyeondoka na funguo ni mimi. Fomu ya likizo ilikuwa imesainiwa, lakini uwezo wa kuidhinisha malipo, neno la siri la mfumo wa kodi, hata habari ya faili gani liko kabati gani, vyote nilipanda navyo mlimani. Na wewe nisikufiche: nilikuwa napenda kidogo kusikia kwamba bila mimi mambo hayaendi.

Mwaka huu nilianza kwa ujanja wa kalenda. Kwetu kodi ya mishahara lazima iwe imelipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, iwasilishwe ifikapo tarehe 20, kwa hiyo nilikaa na kalamu nikitafuta mwanya wa kupita katikati. Haupo. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 28 mfululizo, na siku 28 mfululizo, uzianzie popote upendapo, haziwezi kuzikwepa tarehe hizo zote mbili. Hapo ndipo nilipoacha kutafuta siku ambazo sitahitajika, nikaanza kutafuta mtu wa kushika nafasi yangu.

Kazi hiyo ilinichukua zaidi ya mwezi. Kumwongeza mtia saini wa pili benki kulikula wiki mbili na fomu nyingi kuliko nilivyotarajia. Hati ya makabidhiano nilidhani ingekuwa ukurasa mmoja, ikafika minne, kwa sababu kila nilipodhani nimemaliza nilikumbuka jambo jingine ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Lakini lililokuwa gumu kuliko yote ni kumwacha kijana anayenikaimu awasilishe ritani ya mwezi mzima peke yake mimi nikiwa nimekaa pembeni. Alikosea mahali, mikono ikaniwasha, nikaikunja mapajani. Baada ya dakika chache aliliona kosa mwenyewe, akarudi nyuma akalirekebisha. Ningeinyoosha mikono ile, naamini angenipigia simu Lushoto.

Kisha nilimwendea mkuu wa idara. Sikumwambia kwamba sitapatikana, kwa maana neno hilo humtia mtu hofu na hofu huzaa masharti. Nilimwuliza ni mambo gani hasa anayoyaita dharura. Alitaja saba. Tukayapitia moja moja, na kila moja nikamwonyesha ukurasa ambao jibu lake limo, mpaka yakabaki mawili. Kwa hayo mawili nilimpa namba ya kitochi cha mama, yeye peke yake, na tukakubaliana apige simu badala ya kuandika ujumbe. Mtu anayelazimika kupiga simu na kuanza kumsalimia mama yangu, ambaye salamu zake hazina haraka, hufikiri kwanza kama jambo lenyewe lina uzito huo.

Laini ya ofisi nilimwachia kijana ikiwa ndani ya simu yake. Kwenye kundi la kazi la WhatsApp niliaga na kujitoa kabisa, kwani kulinyamazisha tu hakusaidii. Jicho huenda lenyewe, na ukishaona kwamba watu wamebishana ujumbe arobaini, usingizi umekwisha.

Je, yote yalikwenda sawa? Hapana. Mzabuni mmoja alilipwa kwa kuchelewa siku tatu na akanung'unika. Kitochi kililia mara moja, siku ya tisa, na jibu lilikuwa ukurasa wa pili. Nami mwenyewe kwa siku nne za mwanzo mkono ulikuwa ukienda mfukoni kila baada ya muda mfupi kutafuta simu niliyokuwa nimeiacha chumbani. Siku ya tano nilikwenda na mama sokoni, tukarudi jioni na kikapu cha mapeasi, na ni usiku ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile ilikuwa tarehe 20.

Sasa tuje kwako. Unasema shehena haijui likizo, na kontena likichelewa kutolewa bandarini gharama huhesabiwa kila siku. Ni kweli. Lakini hizo meli unazozingoja Kilindini zenyewe huendeshwa kwa zamu: ofisa wa chumba cha kuongozea meli hukesha saa zake nne, akamkabidhi mwenzake mwelekeo na hali ya bahari, kisha akashuka kulala, na meli inaendelea. Nani wa zamu baada yako? Kama jina halikujii, hapo ndipo pa kuanzia, na wiki tano ulizobakiza zinatosha ukianza Jumatatu.

Usiende kwa mkuu wako na sheria mkononi, ingawa ni vema uijue. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa siku za kazi zisizopungua 21 kwa kila miezi 12, na hata mkikubaliana kuigawa likizo, kwa kawaida sehemu moja inatakiwa iwe wiki mbili za kazi zisizokatizwa. Wafaransa wana sheria tangu Januari 2017 inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kuzima simu, na kwenu mswada wa namna hiyo ulifikishwa Seneti mwaka 2022. Hayo yote ni mazuri, lakini hayatamwambia msaidizi wako hati ya forodha umeiweka wapi.

Linalonitia wasiwasi ni kwamba wewe una laini moja tu, ya kazi na ya nyumbani. Nunua nyingine kabla ya kusafiri, uwape wazazi na mumeo namba hiyo, na ile ya zamani ibaki Mombasa kwa atakayekukaimu. Najua utaona tabu kuiacha. Mimi pia niliona.

Ukiwa Lamu usiniandikie. Nitaingoja barua yako Januari, na usisahau kunisalimia shemeji na watoto.

Ni mimi somo yako.